Kuchagua Vifaa vya Kompyuta ya Gemu kwa Umeme na Joto la Kwetu

Kabla hujaingia duka lolote Kariakoo au Luthuli Avenue, kaa chini uandike gemu tatu au nne unazotaka kucheza kweli, kisha uandike ni kioo gani utakachochezea. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua karibu kila kitu kingine. Anayecheza Valorant na Counter-Strike 2 ana mahitaji tofauti kabisa na anayetaka kuzurura mjini ndani ya Cyberpunk 2077, na wote wawili hawafanani na anayekesha na wenzake kwenye Tekken 8. Muuzaji asiyejua unacheza nini atakuuzia kilichopo kabatini mwake.

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta imeandikwa kwa msomaji anayeishi mahali ambapo chumba kina nyuzi 21, umeme haukatiki, na kifaa kibovu kinarudishwa dukani bila mabishano. Sisi tuna Februari ya Dar es Salaam na Mombasa. Tuna umeme unaokatika usiku na kurudi kwa kishindo. Na kifaa kilichoagizwa Dubai kikifa, mara nyingi hela yako nayo imekwenda. Ndiyo maana nitazungumzia umeme kwa urefu kuliko kitu kingine chochote, na katika kila kifaa nitarudia maswali yale yale: kitahimili joto la chumba chako, kitahimili umeme wa mtaani kwako, na kikiharibika utapata wapi kingine?

Kioo kwanza

Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli milioni 2.07. Cha 2560 kwa 1440 kina milioni 3.69, na cha 4K kina milioni 8.29, yaani mara nne ya kile cha kwanza. Kadi ya grafiki huchora pikseli hizo zote upya katika kila fremu. Ukinunua kioo cha 4K, umejifunga kununua kadi kubwa, na kadi kubwa inataka pawasaplai kubwa, na joto lake linataka kasha lenye hewa ya kutosha. Kwa bajeti za wengi wetu, 1080 kwenye kioo cha inchi 24 inatosha na inapendeza, na 1440 kwenye inchi 27 ndiyo hatua inayofuata yenye maana. 4K ningemwachia mwenye fedha ya kadi za daraja la juu kabisa.

Halafu kuna Hz, yaani kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Kwenye 60Hz kila picha inakaa milisekunde 16.7, kwenye 144Hz inakaa milisekunde 6.9. Kwa anayelenga kichwa cha adui kwenye Valorant, tofauti hiyo inaonekana kwa jicho na kuhisika mkononi. Lakini Tekken 8 pambano lake limefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, kama ilivyo kawaida ya gemu za ngumi, kwa hiyo anayecheza ngumi tu hana haja ya kulipia 240Hz. Ukinunua kioo cha 144Hz au 165Hz, ingia kwenye mipangilio ya Windows ukiweke huko wewe mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi kinawaka kikiwa 60Hz na mwenyewe anakaa miezi bila kujua. Na waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, usichomekwe kwenye mazabodi.

Kadi ya grafiki, palipo na hela nyingi na ulaghai mwingi

Katika mashine ya gemu, kadi huchukua theluthi hadi nusu ya fedha yote ukiondoa kioo. Ni sawa iwe hivyo. Kwa 1080, daraja la RTX 4060, RTX 5060, RX 7600 au RX 9060 XT linatosha, na ukipata RX 6600 iliyotumika kwa bei nzuri bado ni kadi ya kuheshimika: inakula wati 132 tu na ina kumbukumbu ya 8GB.

Kumbukumbu ya kadi ndiyo ningeikazania. Kwa gemu za mashindano, 8GB inatosha. Kwa gemu mpya za hadithi zenye picha nzito inaanza kufurika, na ikifurika mchezo unakwama-kwama hata kama kadi yenyewe ina nguvu. Kama unataka mashine ikae miaka minne au mitano, tafuta ya 12GB au 16GB: Arc B580 ya Intel ina 12GB, na RX 9060 XT ipo ya 16GB. Hapa uwe macho. RX 9060 XT na RTX 5060 Ti zote zinauzwa kwa jina lile lile zikiwa na 8GB au 16GB, na RTX 3060 ya 12GB ina ndugu yake wa 8GB ambaye kasi yake ni ndogo zaidi. Usiishie kwenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa usoni mwa boksi. Soma namba ya GB.

Jambo la pili ni umri wa teknolojia. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai kadi yenye maunzi ya kufuatilia miale ya mwanga. GTX 1080 Ti, ambayo ilikuwa mfalme mwaka 2017, haina maunzi hayo. RX 580 haina. RX 5700 XT haina. Kadi hizo bado zinachezesha gemu nyingi vizuri, na kama orodha yako ni ya gemu za zamani na za mashindano unaweza kuzinunua bila hofu, ila usidanganywe kwamba "inacheza gemu zote."

Kuhusu kadi zilizotumika: tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi mno zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. Bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka zaidi ni feni na pesti ya joto, na vyote viwili fundi anabadilisha. Usichokubali ni kununua bila kuiona ikifanya kazi. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine, afungue programu ya GPU-Z, kisha aendeshe FurMark au gemu nzito kwa muda usiopungua robo saa huku ukitazama joto. Tafuta mistari, vidoto vya rangi au kioo kuzima ghafla. Sikiliza feni. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

GPU-Z ina faida nyingine: inakamata kadi feki. Kuna kadi kongwe za familia ya GTX 550 Ti zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Pia kuna RX 580 2048SP, ambayo si feki lakini si RX 580 unayoisoma kwenye vipimo vya watu. RX 580 kamili ina vichakataji vidogo 2304; hii ina 2048 na uwezo wake uko karibu na RX 570. Imejaa kwenye maduka ya mtandaoni ya China na imefika kwetu. Kwa bei ya RX 570, inunue. Kwa bei ya RX 580, iache.

Prosesa na mazabodi

Neno "Core i7" limeuza mashine mbovu nyingi kuliko neno lolote katika biashara hii. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Core i3-12100 ya mwaka 2022, yenye jina dogo, inaipita mbali. Kinachokuambia ukweli ni namba inayofuata kistari: i7-2600 ni kizazi cha pili, i5-8500 cha nane, i3-12100 cha kumi na mbili. Uliza namba yote, na muuzaji akikujibu "ni i7" tu, uliza tena.

Prosesa inagusa zaidi gemu za mashindano, ambako watu wanatafuta fremu 200 na kuendelea. Kwenye gemu nzito za hadithi, kadi ndiyo inayobanwa kwanza. Kwa hiyo kwa mashine ya wastani huna haja ya prosesa ya bei ya kutisha. Ryzen 5 5600, Core i5-12400F au Ryzen 5 7600, zote za viini sita, zinaendesha kadi nilizozitaja bila shida. Mwenye fedha zaidi anayecheza gemu za mashindano atazame Ryzen zenye herufi X3D, mfano 7800X3D, ambazo zimerundikiwa kashe kubwa ya MB 96 inayosaidia gemu moja kwa moja.

Herufi F kwenye prosesa ya Intel maana yake haina grafiki ya ndani. Bei hupungua, lakini siku kadi ikiharibika, mashine nzima haionyeshi picha hadi upate kadi nyingine. Kwa mtu anayetumia mashine hiyo hiyo kwa kazi ya shule au ofisi, na anayejua kwamba kadi mbadala inaweza kuchukua wiki kadhaa kufika, ningemshauri aongeze kidogo achukue isiyo na F. Ryzen 5 7600 ina grafiki ndogo ya ndani inayotosha kuonyesha picha. Ryzen 5 5600 haina.

Soketi ndiyo inayoamua kesho yako. AM4 ilianza mwaka 2016 na imefika mwisho wake, ila vifaa vyake vimejaa kila mahali, vipya na vya mtumba, na kila fundi anavijua. AM5 ilianza 2022, inatumia RAM ya DDR5 peke yake, na AMD wameahidi kuendelea kuihudumia hadi 2027 na zaidi. Kwa kawaida ningesema mwenye uwezo aende AM5. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Usiamue soketi kabla hujauliza bei ya prosesa, mazabodi na RAM kwa pamoja, kama seti. Mara nyingine DDR5 peke yake inafuta faida yote ya AM5, na mashine ya AM4 yenye kadi bora zaidi inakuwa chaguo la busara.

Kuna vifaa viwili ambavyo ningeviepuka vya mtumba. Cha kwanza ni Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 kwa kompyuta za mezani, hasa 13900K na 14900K. Ziligundulika kuwa na tatizo la volti lililokuwa likiziharibu polepole. Intel walitoa marekebisho ya programu ya ndani Agosti 2024 na kurefusha dhamana kwa miaka miwili, lakini prosesa ambayo imekwisha kuumia haiponywi na marekebisho. Cha pili ni seti za Xeon E5 zilizounganishwa na mazabodi za X99 kutoka China. Viini vingi, bei ndogo, macho yanavutika. Kasi ya kila kiini ni ndogo, mazabodi hazina mtengenezaji wa kumlalamikia, na gemu nyingi zinathamini kasi ya kiini kuliko wingi wake.

Kwenye mazabodi yenyewe usimwage hela. B550 ya kawaida kwa AM4, B650 kwa AM5, B760 kwa Intel kizazi cha 12 hadi 14, basi. Tazama kama kuna vipande vya chuma vya kupoza juu ya saketi za umeme zilizo jirani na soketi, kwa kuwa kwenye joto letu saketi zilizo uchi zinapika. Hesabu nafasi za M.2 za kuchomekea diski. Ukinunua B450 ya mtumba kwa ajili ya Ryzen 5000, hakikisha BIOS imesasishwa. Bila hivyo haiwaki na utadhani umeuziwa kifaa kibovu. Na kabla ya kulipa, fungua soketi utazame kwenye mwanga: kwenye LGA1700 na AM5 pini ziko kwenye mazabodi, kwenye AM4 ziko chini ya prosesa. Pini moja iliyopinda ni sababu tosha ya kuondoka.

RAM na diski

RAM iwe 16GB kwa uchache, 32GB kama mfuko unaruhusu, na iwe vipande viwili vinavyofanana. Kipande kimoja cha 16GB kinapunguza fremu ukilinganisha na viwili vya 8GB, kwa sababu prosesa inasoma kupitia njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, viweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP au EXPO, la sivyo RAM uliyoilipia kwa kasi ya 3200 au 6000 itatembea kwa kasi ya chini ya kiwandani.

Diski iwe NVMe ya 1TB. Tofauti ya PCIe 3.0 na 4.0 haionekani sana wakati wa kucheza, kwa hiyo chukua yenye jina linaloaminika kwa bei nafuu. Ninachosisitiza ni ukubwa. Call of Duty peke yake inapita 100GB, na kama unatumia bando, kufuta gemu leo na kuipakua tena mwezi ujao ni kuitupa fedha. Ukiwa na diski ngumu ya zamani, itumie kuhifadhi gemu usizozicheza sasa. Steam ina sehemu ya kufanya nakala, na tangu 2023 inaweza pia kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao wa nyumbani bila kugusa intaneti. Marafiki watatu wanaweza kupakua gemu mara moja tu wakagawana.

Diski za bei ya kushangaza zenye maandishi ya 2TB au 4TB mara nyingi ni za uongo: zinaonyesha ukubwa ambao hazina, na data ikizidi uwezo wake wa kweli inapotea. Programu ya H2testw inajaza diski yote na kuisoma tena. Iendeshe kabla hujaweka kitu chochote.

Umeme

Pawasaplai ndicho kifaa ambacho watu wanakinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Ndicho kinachogusa kila kifaa kingine kwa waya, na kikifa vibaya kinaondoka na jirani zake. Kwa nchi zetu ningekiweka cha pili kwa umuhimu baada ya kadi.

Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa pembeni. Geuza, soma jedwali dogo, tafuta mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi zote zinakula hapo. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa. Ampea 40 ni wati 480, na hiyo ni pawasaplai halisi ya wati 500. Ukikuta imeandikwa 600W kwa nje na ampea 17 ndani, hiyo ina wati 204, na ndiyo inayouzwa pamoja na kasha la bei rahisi. Pima uzito mkononi pia. Nyepesi kama boksi tupu haina koili wala kapasita za maana ndani. Nishani ya 80 Plus inaeleza tu ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Haikuambii kama vifaa vya ndani ni imara, ingawa pawasaplai ya Bronze au Gold kutoka kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka mitano au zaidi, kwa kawaida ni salama.

Ukubwa haujalishi kama watu wanavyodhani. Mashine yenye Ryzen 5 5600 na RTX 4060, ambayo kadi yake inakula wati 115, haifiki wati 300 ikiwa inacheza kwa nguvu zote. Pawasaplai nzuri ya 550W inaibeba na nafasi inabaki ya kuongeza kadi baadaye. Na kwa hesabu ya LUKU: mashine inayokula wati 250 ikichezwa saa nne ni yuniti moja. Kwa mwezi ni kama yuniti 30, ukiacha kioo.

Kuna kitufe chekundu kidogo nyuma ya pawasaplai za bei rahisi kilichoandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na umeme wetu ukaingia, kinachofuata ni mlipuko na moshi. Pawasaplai bora hazina kitufe hicho, zinajirekebisha zenyewe. Nyaya za pawasaplai zinazochomoka nazo zina hatari yake: upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna kiwango kimoja, kila kampuni inapanga inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Waya wa pawasaplai ya zamani ukiuchomeka kwenye mpya unaweza kuunguza diski zote kwa sekunde moja.

Sasa ethi. Kompyuta nyingi zilizotoka Ulaya zinakuja na waya wenye kichwa cha pini mbili za duara, na hapa kwetu watu hufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu wakakisukumia ndani. Mashine inawaka. Lakini ethi ya kichwa kile iko pembeni na haigusi chochote ndani ya soketi yetu ya pini tatu. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazopeleka mabaki ya umeme kwenye kasha ili yaende ardhini. Yakikosa njia, yanabaki kwenye chuma, nawe ukiligusa kasha ukiwa peku unahisi vidole vinawasha. Nunua waya wa pini tatu wenye fyuzi. Kama bado vidole vinawasha, nyumba haina ethi inayofanya kazi, na hapo mwite fundi umeme kabla ya kuendelea na ununuzi.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, volti huwa zinaruka. Kifaa cha kulinda friji au televisheni, kile kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme kupita, kinafaa kabisa kwa kompyuta na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na kadi. UPS ni ya kukupa dakika chache za kuzima kwa usalama, si ya kumalizia mechi. Soma wati zake, usisome VA: UPS iliyoandikwa 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hivi, na humo humo jumlisha kioo na ruta. UPS za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huzipinga na kuzima ghafla. Ijaribu kwa kuchomoa waya ukutani ukiwa katikati ya gemu isiyo na umuhimu.

Kasha na upozaji

Chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, kila kifaa ndani ya kasha kitapanda kwa kama nyuzi 10 vilevile. Kwa hiyo kasha lenye uso wa kioo kitupu na taa za rangi, ambalo huko kwenye baridi linapita, kwetu ni jiko. Chagua lenye wavu mbele, feni mbili za kuvuta hewa mbele na moja ya kuitoa nyuma, za milimita 120 ambazo utapata nyingine popote. Wavu uwe na chujio linalochomoka, maana vumbi litaingia tu. Lisafishe mara kwa mara, na unapopuliza feni izuie kwa kidole isizunguke. Ukikaa karibu na bahari, usiweke mashine jirani na dirisha lililo wazi. Hewa ya chumvi inakula metali polepole.

Kipoza joto cha hewa, mnara wa mapezi ya alumini wenye mirija ya shaba, kinatosha kwa prosesa zote nilizozipendekeza. Vya maji vinapendeza, lakini pampu ikifa hakuna fundi wa kuitengeneza na unanunua kingine kizima. Mnara feni yake ikifa unabadilisha feni tu.

Kama bajeti ni ndogo sana

Njia inayofaa ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea kadi. Chukua ya kizazi cha nane au zaidi, mfano Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, au HP EliteDesk 800 G4, kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi hicho pamoja na TPM 2.0. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, na Battlefield 6 nayo inadai Secure Boot.

Chukua ile ya mnara, iache ile nyembamba. Nyembamba inakubali kadi fupi tu, na nafasi ni finyu. Zote mbili kwa kawaida zina pawasaplai zenye plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo hesabu kwamba hutaibadilisha kirahisi. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 tu, na kadi zinazotosheka na hizo bila waya wa ziada ni kama GTX 1650 au RTX 3050 ya 6GB yenye wati 70. Ya pili ndiyo bora. Usiweke RX 6500 XT humo, kwani inatumia njia nne tu za PCIe na kwenye mazabodi ya zamani inapoteza nguvu nyingi. Arc B580 pia usiiweke. Bila kipengele cha Resizable BAR, ambacho kompyuta hizi za zamani kwa kawaida hazina, inadorora.

Siku ya kununua

Nunua vyote katika wiki moja kama unaweza, ili siku za kurudisha zisiishe kabla hujawasha. Risiti iwe na namba ya kifaa. Mahali ambapo muuzaji anakubali, unganisheni mazabodi, prosesa, RAM na pawasaplai juu ya boksi la kadibodi pale pale dukani na muone BIOS ikitokea kwenye kioo, kabla ya kufunga skrubu hata moja. Ukishafika nyumbani, sasisha BIOS, washa XMP au EXPO, endesha MemTest86 usiku kucha kuipima RAM, kisha siku inayofuata cheza gemu yako nzito kuliko zote saa nzima huku HWiNFO ikirekodi joto. Kadi ikibaki chini ya nyuzi 80 na prosesa chini ya 85 mchana wa jua kali, feni zinatosha. Zikipita hapo, toa ubao wa pembeni wa kasha ucheze tena: joto likishuka sana, tatizo ni hewa na utaongeza feni, lisiposhuka, fungua kipoza joto, futa pesti na uipake upya, ukihakikisha ile plastiki ya kinga iliyoko chini ya kipoza imetolewa.